Maji hayageuki esansi: tufungue macho mbele ya kununua chombo cha hidrojeni

Kila mwisho wa mwezi, wakati mushahara unaingia, wachuuzi wanafika karibu na milango ya makampuni na mu mitaa yetu ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Mumoja anauzisha simu, mwengine vitenge, mwengine viatu vya kazi. Hakuna ubaya: kila mutu anatafuta bukari ya watoto wake. Lakini kuko biashara moja ambayo leo tunataka kuisema wazi, juu inakula feza ya watu ambao hawana feza ya kutupa. Ni biashara ya kale kasanduku ka maji kanakofungwa mu motoka, eti kapunguze esansi ao mazutu.

Wengi mumekaona. Ni chupa ngumu ao kasanduku kenye vibamba vya chuma ndani. Wanatia maji na unga mweupe. Nyaya mbili zinatoka ku batri. Kampira kamoja kanatoka juu, kanaingia mu njia ya hewa ya motere. Wakati motere inazunguka, maji yanatoa mapovu. Yale mapovu ni hidrojeni na oksijeni, motere inayavuta pamoja na hewa. Muuzaji anasema: «Baba, motoka yako sasa itatembea na maji. Esansi itapunguka nusu. Mu miezi mbili feza yako imerudi.»

Jirani yetu mumoja, muzee wa pansioni, alisikia maneno ile. Alitumika miaka mingi mu kiwanda cha shaba. Wakati alipata dekonte yake ya mwisho, alinunua motoka moja ya zamani yenye kutoka Japani, akaifanya taksi. Taksi ile njo inalipa masomo ya wajukuu. Siku moja alitoa dola 280 juu ya kasanduku. Muzee huyu ana desturi moja nzuri: anaandika kila litre mu kadaftari, tangu siku ya kwanza. Kisha miezi mitatu alifungua kadaftari, akahesabu pamoja na mutoto wake. Kilometre zilikuwa zile zile, esansi ile ile, pengine kidogo zaidi. Dola 280 zilikuwa zimekwenda. Ni feza ya masomo ya watoto wawili.

Hatuandiki juu ya kumucheka. Tunaandika juu muzee mwenyewe alituambia neno moja ambalo linastahili kusomwa na kila familia ya wachimbaji: «Mutoto yangu, mi nilitumika mu elektrolizi. Kila siku niliona umeme wenye unaingia mule. Lakini siku ya kununua sikujiuliza: huu umeme wa kasanduku unatoka wapi?»

Ulizo lile njo linafungua mambo yote.

Mapovu ni ya kweli

Tuanze na haki. Muuzaji hasemi uongo mu kila kitu. Maji ni hidrojeni na oksijeni zilizoshikamana. Ukipitisha umeme ndani, zinaachana. Hidrojeni inawaka vizuri sana. Muuzaji akiweka mapovu mu maji ya sabuni na kuyawasha, yanapiga «pa!» na watoto wanapiga mikono. Ule mulio ni wa kweli.

Kuko pia motoka za kweli zenye kutembea na hidrojeni. Kampuni Toyota ilianza kuuzisha motoka yake Mirai mwaka 2014. Lakini angalia tofauti: ile motoka inajazwa hidrojeni ku stasio, sawa vile sisi tunajaza esansi. Hidrojeni ile imetengenezwa pahali pengine, na mutu ameilipa. Motoka haijitengenezei chakula chake njiani.

Mulio wa «pa!» unaonyesha paka kitu kimoja: gazi inawaka. Hauonyeshi kama motoka itakula kidogo. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na biashara yote inasimama juu ya kuyachanganya.

Wafanyakazi wa shaba wanajua

Mu nchi nzima, labda hakuna watu wanaojua elektrolizi kupita watu wetu. Shituru, ku Likasi, inafanya shaba kwa elektrolizi tangu 1929. Luilu, ku Kolwezi, tangu 1960. Baba wengi, na wababu zao, walitumika mule, mu harufu ya asidi, wakitosha vibamba vya shaba mu matanki.

Wao wanajua kwamba shaba haitoki mu maji yale kwa huruma. Juu ya kupata tone moja ya shaba kwa njia ile, kunahitajika umeme wa kilowati-saa 2000 hivi. Njo maana walijenga Mwadingusha na Koni ku muto Lufira, Nzilo na Nseke ku Lualaba. Njo maana walivuta nyaya kutoka Inga mpaka Kolwezi, njia ya kilometre 1700 hivi. Na wakati umeme wa SNEL unakatika, kila mutu anajua: matanki yanalala, hata kama asidi iko, hata kama wafanyakazi wako.

Kasanduku ka mu motoka ni elektrolizi ile ile, ndogo. Nako kanahitaji umeme. Je, mu motoka Inga iko wapi? Iko paka moja: motere yenyewe. Motere inazungusha altenatere kwa mukanda. Altenatere inatoa umeme. Na motere inazunguka na nini? Na esansi yako.

Kwa hiyo kasanduku hakatembei na maji. Kanatembea na esansi. Maji ni kama gunia tupu: yanabeba nguvu ambayo esansi imetia ndani, yanairudisha ku motere, na njiani nguvu nyingi inamwangika.

Gunia la kilo 100

Tuhesabu sawa mama anavyohesabu meka za mahindi ku soko.

Tufanye kama nguvu ya esansi ni gunia la mahindi la kilo 100. Linapita mu mikono ya watu wane, na kila mumoja anatosha sehemu yake.

Wa kwanza ni motere. Motere ya esansi ya kawaida, njiani, inageuza paka robo ya joto kuwa nguvu ya kuzungusha. Inayobakia inatoka mu radiatere na mu bomba la moshi. Kilo 100 zimekuwa 25.

Wa pili ni altenatere. Altenatere ya motoka inapoteza karibu nusu ya ile inayopewa. Tuseme inarudisha 55 kwa 100. Kilo 25 zimekuwa 14 hivi.

Wa tatu ni kasanduku. Sehemu ya umeme inapasha tu maji moto. Shika chupa, utasikia. Kasanduku kazuri kanageuza 55 kwa 100 kuwa hidrojeni. Kilo 14 zimekuwa 8 hivi.

Wa ine ni motere tena. Hidrojeni ile inaingia, inawaka, na motere inachukua robo yake. Kilo 8 zimekuwa 2.

Ulitoa kilo 100, umerudishiwa 2. Na motere, kama ingetumia zile kilo 100 moja kwa moja ku magurudumu, ingekupa 25. Nani mu soko anakubali bei ile?

Muuzaji atasema: «Kasanduku yangu haiko sawa za wengine, hii ni ya teknolojia mupya.» Vema. Tumupe kasanduku kasikopoteza hata kidogo. Tumupe tena altenatere isiyopoteza kidogo, kitu ambacho hakijawahi kuwa duniani. Hesabu: 25 inabakia 25, inabakia 25, kisha motere inachukua robo yake. Inakuwa 6. Ungali umepoteza. Si neno la ufundi mubaya ao ufundi muzuri. Maji ni majivu ya hidrojeni: ni hidrojeni iliyokwisha kuungua. Juu ya kuifanya iwake tena, unapaswa kurudisha nguvu yote iliyotoka mara ya kwanza, na zaidi. Mama anajua: jivu la makala halipiki bukari ya pili.

Litre moja ya maji

Kuko watu watakaosema: «Basi, altenatere inazunguka tu, ule umeme ni wa bure.» Si wa bure. Unapowasha mataa na kupuliza baridi mu motoka ndogo, motere inasikia; wakati mwengine sauti yake inabadilika. Altenatere yenye kazi nyingi ni nzito kuzungusha. Lakini hata kama tungekubali kwamba umeme ni wa bure kabisa, angalia hesabu hii.

Kasanduku kenye kuvuta ampere 20 ku batri ya volti 12 kanatoa, kama kametengenezwa vizuri, gazi ya litre 1,4 hivi kila dakika. Motoka ndogo yenye kwenda polepole, kilometre 60 kwa saa, na kula litre 8 kwa kilometre 100, inavuta hewa ya litre 700 hivi kila dakika. Litre 1,4 mu litre 700: ni sawa kijiko cha chumvi mu sufuria ya harusi.

Kwa umeme ule, litre moja ya maji inaisha kisha saa 25 za kutembea. Mu litre moja ya maji muna hidrojeni ya gramu 111. Joto lake lote ni sawa na la esansi isiyofika nusu litre, litre 0,4 hivi. Na mu zile saa 25, motoka yetu ndogo imekula esansi ya litre 120. Kwa hiyo hata kama umeme ungeanguka kutoka mbinguni, ungepata faida ya litre 0,4 ku litre 120. Wapi ile nusu waliyokuahidi?

Lakini umeme hauanguki kutoka mbinguni. Juu ya kuutoa, motere inachoma mu zile saa 25 esansi ya litre ine ao tano zaidi. Unatoa litre tano, unapata kisicho nusu litre. Njo maana kadaftari ka muzee kalionyesha «pengine kidogo zaidi».

Neno la moshi safi

Wauzaji wenye akili wameacha kusema kwamba maji ni mafuta. Leo wanasema: «Hapana, hidrojeni inasaidia tu esansi kuungua yote. Sasa hivi nusu ya esansi yako inatoka mu moshi bila kuungua.»

Neno hili linapendeza, lakini si kweli. Mu motere ya injeksio yenye afya, karibu esansi yote inaungua. Yenye inatoka bila kuungua ni kidogo sana, kilo moja ao mbili hivi ku kilo 100. Motere inapoteza kwa sababu ya joto, si kwa sababu ya esansi mbichi. Kama motoka yako inatoa moshi mweusi wenye harufu ya esansi, haikosi hidrojeni. Iko na mugonjwa: injektere, buji, ao kipimo cha hewa. Fundi muzuri ataiponyesha, na pale utaona faida ya kweli.

Wanaonyesha pia karatasi ya NASA ya mwaka 1977. Karatasi ile iko, na si ya uongo. Wainjinieri wa Marekani walichanganya hidrojeni na esansi mu motere. Lakini hidrojeni yao ilitoka mu machupa ya gazi na mu chombo chenye kuvunja methanoli kwa joto. Haikutoka ku altenatere ya motere ile ile, na haikuwa mapovu ya kachupa. Kuonyesha karatasi ile juu ya kuuzisha kasanduku ni sawa na kuonyesha picha ya Inga juu ya kuuzisha buji ya tochi.

Tena kuko shuhuda: «Mi nilifunga, nikaona faida.» Wengi wao ni watu wa kweli. Angalia vile inapita. Siku ya kufunga, fundi anasafisha chujio ya hewa, anabadilisha buji, anatia upepo mu mipira. Mwenye motoka amelipa dola 280, kwa hiyo anaendesha polepole, juu anataka kuona faida. Wiki ile hakubeba magunia. Mara ya kujaza, pompisti alisimamisha mapema kidogo. Vyote hivi pamoja vinaweza kupunguza esansi kwa 10 ku 100 na zaidi. Lakini kasanduku njo kanapata sifa.

Kwingine walikwisha kulipia somo hili

Si sisi wa kwanza. Ku Marekani, Stanley Meyer wa Ohio alisema kwa miaka mingi kwamba motoka inaweza kutembea na maji. Watu wawili walioweka feza yao walimupeleka mbele ya tribinali. Mwaka 1996 tribinali ilileta mafundi kuangalia chombo chake. Waliona elektrolizi ya kawaida tu. Tribinali ikaita jambo lile udanganyifu mukubwa, ikamuamuru kurudisha dola 25 000.

Mwaka 2008, wakati bei ya mafuta ilipanda dunia nzima, gazeti Popular Mechanics lilinunua chombo cha namna hii, likakifunga mu motoka na kupima. Halikuona faida. Mwaka 2009, ofisi ya serikali ya Marekani yenye kulinda wanunuzi, FTC, ilipeleka mbele ya tribinali kampuni zilizouzisha chombo kilichoitwa Hydro-Assist Fuel Cell. Ofisi ile ilisema kwamba ahadi za chombo kile zinapinga sheria za fizika. Na ofisi ingine ya kule, EPA, imekwisha kupima ao kuchunguza zaidi ya vyombo 100 vya kupunguza mafuta, vya kila namna. Hakuna hata kimoja chenye kuleta faida kubwa.

Fikiri neno moja zaidi. Kampuni zenye kutengeneza motoka zinapigana kila mwaka juu ya kupunguza mafuta, hata kwa 1 ku 100. Kampuni za migodi yetu zinachoma mazutu mingi sana mu makamyo makubwa ya mashimo. Kama kachupa ka dola 280 kangepunguza mazutu nusu, unafikiri wale wakubwa wangekaacha? Wangekafunga mu kila kamyo kesho asubui, na wangetuficha hata feza waliyoipata.

Hatari ya nyumba

Hasara ya feza si mwisho. Ule unga mweupe mara nyingi ni soda kostiki, ile wamama wanapikia sabuni, ao ndugu yake potasi. Ikiruka mu jicho, inaweza kuharibu macho kabisa. Watu wanaitayarisha mu chupa za maji za kunywa, wanaziacha chini ya meza. Mutoto mwenye kiu hasomi.

Gazi yenyewe ni hidrojeni na oksijeni zilizokwisha kuchanganyika, tayari kulipuka. Hidrojeni mu hewa inashika moto kuanzia 4 ku 100 mpaka 75 ku 100. Wachimbaji wanajua maana ya gazi yenye kukaa mu pahali pa kufungwa. Moto ukirudi nyuma kupitia kampira, chupa inapasuka na maji makali yanaruka, karibu na miguu ya shofere ao mikono ya fundi.

Na kuko kachombo ka tatu ambako wauzaji wengine wanaongeza: kanasema uongo ku ubongo wa motere. Kanaidanganya kipimo cha oksijeni, ili motere ipunguze esansi. Ndiyo, pale esansi inaweza kupunguka kidogo. Lakini motere inakosa mafuta, inatembea na moto mukali, na inaweza kuchoma valve ao pistoni. Utaokoa litre kumi, utanunua motere.

Kama bado una mashaka, pima

Hatuombi mutu yeyote atuamini bure. Mwambie muuzaji hivi: «Funga chombo chako, na utie swichi ya kukiwasha na kukizima. Nitakulipa kisha kipimo.» Swichi ile ifichwe, na iwe mu mikono ya mutu mwengine, bibi yako ao mutoto wako mukubwa. Yeye atawasha ao atazima kila wiki, atakavyo, na kuandika mu kadaftari kake bila kukuambia. Wewe endesha sawa kila siku, njia ile ile. Jaza tanki mpaka juu, ku stasio moja, pompe moja. Usinunue ku Kadhafi wa kando ya barabara wakati wa kipimo, juu hujui nini iko ndani ya bidoni. Andika litre na kilometre. Fanya vile kwa tanki nane, zilizowashwa na zilizozimwa.

Mwisho, muweke vile vidaftari viwili pamoja. Kama wiki za kuwasha na za kuzima hazitofautiane, umejua. Muuzaji mwenye kuamini kitu chake atakubali kipimo hiki. Mwenye kukataa amekwisha kukujibu.

Faida iko wapi basi?

Faida ya kweli haina mulio, na haiuzishwe mu chupa. Upepo mu mipira: pima kila wiki mbili, sawa iliyoandikwa ku mulango wa motoka. Muguu mwepesi: wizara ya nishati ya Marekani inaandika kwamba kukanyaga na kufunga breki kwa hasira mu muji kunaweza kupoteza mafuta ya 10 mpaka 40 ku 100. Mwendo: kutoka kilometre 60 kufika 120, nguvu ya upepo unaopinga motoka inakuwa mara ine. Muzigo wa juu ya motoka: ushushe kama hauna kazi. Motere yenye kunguruma bure: kamyo kubwa lenye kusimama mu foleni ya Kasumbalesa na motere inawaka linachoma mazutu ya litre 3 hivi kila saa. Chujio ya hewa: kwa vumbi yetu ya kiangazi, isafishe na uibadilishe mapema, juu ya afya ya motere.

Dola 280 zinatosha buji, chujio, kazi ya fundi wa injeksio, na kibakie kitu ku meza.

Tunaomba nini?

Kwanza, ku wadelege wa sendika. Musiache muuzaji asimame mbele ya wafanyakazi na jina lenu siku ya mushahara, mbele hamujamuomba kipimo cha swichi. Mufanyakazi anapoona delege amesimama pembeni, anafikiri chombo kimekubaliwa.

Pili, ku makampuni. Mu viwanda vyenu muna wainjinieri wa elektrolizi ambao wanaweza kueleza jambo hili mu saa moja, mu Kiswahili, mbele ya tablo. Wafanye vile mbele watu hawajapewa dekonte, juu dekonte ni feza ya mara moja mu maisha, na wenye kuiwinda ni wengi.

Tatu, ku vijana wetu wanaofunga vyombo hivi. Tunajua kwamba wengine si wezi. Waliona picha mu simu, walikata chuma, walifunga nyaya, walishangaa kuona mapovu. Mikono yao ni mizuri. Tunawaambia: muache kuuzisha ahadi, muuzishe ule ufundi. Kijana mwenye kujua kupima injektere na kutafuta mugonjwa wa motere hatakosa kazi Kolwezi.

Mwisho, ku familia. Wakati baba ao mama anarudi na habari ya chombo chenye kuleta nguvu ya bure, musigombane. Mukae chini, mumuulize lile ulizo la muzee wetu: nguvu ile inatoka wapi, na nani anailipa? Kama jibu ni «inatoka ku motere», mumekwisha kujua nani analipa.

Muzee alifungua kasanduku wiki iliyopita, akamwanga maji yake mu shimo mbali na nyumba. Taksi ingali inatembea. Amerudia kuandika mu kadaftari, na mwezi huu, kwa mipira yenye upepo na muguu mwepesi tu, amepata litre chache zaidi kupita ahadi zote za mapovu. Dola 280 hazitarudi. Lakini ametuachia ulizo lake, na lenyewe halilipishwe.